Somo la Historia: Muziki Ulioandikwa kama Barua

Leo tutazungumza juu ya muziki, lakini hatutaimba wala hatutacheza ngoma. Tutaona jinsi binadamu alivyojifunza kuuandika muziki ili mashine iusome. Na mwisho mtajua jinsi mtu anavyoweza leo kuketi mbele ya kompyuta, akaandika maneno mawili tu, na kompyuta ikapiga wimbo mzima.

Kwanza nawauliza swali. Tuseme mwanao yuko safarini, naye ana habari za kukuletea. Aweza kufanya moja katika mambo mawili. Aweza kusema maneno yake katika simu, sauti ikarekodiwa, nawe ukaisikia yote pia: kikohozi chake, kicheko chake, hata jogoo anayewika nyuma ya nyumba. Au aweza kukuandikia barua. Katika barua hamna kikohozi wala jogoo. Mna herufi tu. Lakini barua ni nyepesi. Tena ukiisoma wewe, itatoka kwa sauti yako. Akiisoma jirani yako, itatoka kwa sauti ya jirani.

Sasa muziki nao una njia hizo mbili. Santuri, kanda, na nyimbo nyingi mlizo nazo katika simu zenu ni sauti iliyorekodiwa. Faili la MIDI ni barua. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: M, I, D, I. Watu husoma "midi". Ndani ya faili hilo hamna sauti hata chembe. Mna amri, zimepangwa moja baada ya moja: bonyeza noti hii, ibonyeze kwa nguvu kiasi hiki, ngoja kidogo, sasa iachie. Nisemapo noti sina maana ya noti ya fedha, ingawa najua wengi wetu tungependa hiyo zaidi. Noti ya muziki ni mlio mmoja, kama unaotoka ukigonga kibao kimoja cha piano.

Tazameni tofauti ya uzito wake. Wimbo wa dakika 3 uliorekodiwa katika sahani ya sidii huchukua baiti zaidi ya milioni 31. Baiti moja ni kiasi cha nafasi inayotosha herufi moja. Wimbo huohuo ukiandikwa kwa MIDI, mara nyingi haufiki baiti laki moja. Basi kwa nafasi ya wimbo mmoja uliorekodiwa waweza kuweka barua za nyimbo mamia.

Msidhani jambo hili lilianza na kompyuta. Lina umri mkubwa. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, walikuwako ndugu watatu, wana wa Musa, ambao waliandika habari za chombo cha muziki kinachojipiga chenyewe. Ndani yake mlikuwa na pipa lililozungushwa kwa nguvu ya maji, na juu ya pipa mlipachikwa meno madogo. Pipa likizunguka, meno yaliinua vifuniko, na pumzi ikapita katika filimbi. Ukitaka wimbo mwingine, wayapanga meno mahali pengine. Basi meno yale yalikuwa maandishi, na pipa lilikuwa ukurasa.

Karne nyingi zilipita. Mwaka 1796 fundi wa saa mjini Geneva, Antoine Favre, alitengeneza kichezeo kidogo chenye vijiti vya chuma vilivyopangwa kama meno ya kitana. Pini zikipita zilivigusa, navyo vikalia. Pengine umekiona: kisanduku kidogo, ukifungua kifuniko wimbo unalia. Lakini pipa lina shida moja. Likimaliza mzunguko, wimbo umekwisha. Huwezi kuandika hadithi ndefu juu ya kifuniko cha chupa.

Shida hiyo iliondolewa na watu ambao hawakuwa wapiga muziki. Walikuwa wafuma nguo wa mji wa Lyon, Ufaransa. Mfumaji wa nguo yenye maua alihitaji kujua, katika kila mstari, nyuzi zipi zinyanyuke na zipi zibaki chini. Mwaka 1725 Basile Bouchon alitoboa matundu katika karatasi ndefu ili karatasi yenyewe iuongoze mtambo. Baadaye Joseph Marie Jacquard, kwa mtambo wake wa mwaka 1804, alitumia kadi ngumu zenye matundu, zimeungwa kama mnyororo. Penye tundu, uzi unanyanyuka. Pasipo tundu, haunyanyuki. Karatasi au mnyororo wa kadi haumalizwi na mzunguko mmoja. Unaweza kuurefusha upendavyo.

Kutoka nyuzi za nguo hadi nyuzi za piano si mbali. Mwaka 1895, mjini Detroit, Marekani, Edwin Votey alitengeneza kabati lililoitwa Pianola. Ulilisukuma mbele ya piano. Kabati lilikuwa na vidole vya mbao, na ndani yake gombo la karatasi lenye matundu. Mtu alikanyaga mivukuto kwa miguu, gombo likawa linajikunjua, hewa ikapita tunduni, na kidole cha mbao kikashuka juu ya kibao cha piano. Mtu asiyejua muziki hata kidogo aliweza kukaa sebuleni kwake na kukanyaga, na wageni wakasikia wimbo mgumu ukipigwa bila kosa. Baadaye mafundi waliiingiza mitambo hiyo ndani ya piano yenyewe, na mashine za namna hiyo zikauzwa kwa wingi sana.

Hapo yakatokea mambo mawili katika mwaka mmoja, mwaka 1908, nami nitakaa nayo kidogo.

La kwanza ni shauri lililofika mbele ya Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani. Watunzi na wachapishaji wa nyimbo waliona kwamba viwanda vya magombo vinauza nyimbo zao bila kuwalipa. Kampuni ya White-Smith, iliyochapisha muziki katika vitabu, iliishtaki kampuni ya Apollo, iliyouza magombo. Swali lilikuwa hili: gombo lenye matundu ni nakala ya wimbo, kama kitabu cha noti, au si nakala? Yaani matundu ni maandishi, au si maandishi?

Mngekuwa ninyi mahakimu, mngehukumuje? Zungumzeni kidogo darasani kabla ya kuendelea.

Mahakimu walisema si nakala. Sababu yao: nakala ni kitu ambacho mtu akikitazama aweza kukisoma, na hakuna mtu, kwa kawaida, anayesoma matundu ya gombo kama asomavyo noti katika kitabu. Kwao gombo lilikuwa sehemu ya mashine, kama gurudumu au msumari. Hakimu mmoja, Oliver Wendell Holmes, alikubaliana na wenzake kwa sababu ya hukumu zilizotangulia, lakini aliandika wazi kwamba haki ya mtunzi imepewa upana mdogo kuliko inavyostahili.

Kwa hukumu hiyo watunzi walitoka mahakamani mikono mitupu. Mtu alikesha akitunga wimbo, wimbo ukapigwa katika nyumba elfu, naye hapati kitu kwa sababu jicho la binadamu halisomi matundu. Nadhani mahakimu walikosea, maana maandishi ni maandishi hata kama msomaji ni mashine. Bunge la Marekani nalo halikuridhika. Mwaka 1909 lilitunga sheria mpya: kila gombo au sahani ya santuri itakayotengenezwa, mtunzi alipwe senti 2. Senti hizo 2 hazikuongezwa mpaka mwaka 1978, lakini hiyo ni habari nyingine.

Jambo la pili la mwaka 1908 halikuwa la mahakama, bali la mkutano. Viwanda vilikuwa vingi, na kila kimoja kilitoboa magombo kwa vipimo vyake. Ukinunua gombo la kiwanda hiki, halikuingia katika mashine ya kiwanda kile. Mwezi Desemba wenye viwanda walikutana mjini Buffalo. Walikubaliana upana mmoja wa karatasi, inchi 11 na robo, na mahali pa kila tundu, mpaka kutosha vibao vyote 88 vya piano. Tangu hapo gombo la mtu mmoja likaweza kusomwa na mashine ya mwingine. Likumbukeni jambo hili la Buffalo, maana litarudi baada ya miaka 75.

Ingefaa mjue pia kwamba kuna watu ambao mikono yao tunaijua kwa magombo tu. Scott Joplin, Mwafrika wa Marekani, mtoto wa baba aliyezaliwa utumwani, ndiye aliyetunga "Maple Leaf Rag", wimbo wa piano uliochapishwa mwaka 1899 ukapendwa nchi nzima. Hakuna santuri hata moja inayojulikana yenye upigaji wake. Lakini mwaka 1916, akiwa tayari mgonjwa, alipiga piano, na matundu yakaandika vidole vyake katika magombo machache. Alifariki mwaka 1917. Wenye ujuzi wanatuonya kwamba viwanda vilikuwa na desturi ya kusahihisha magombo baada ya mpigaji kuondoka. Kwa hiyo hatuna hakika kila tundu ni lake. Ni kama barua ya mzee ambayo karani aliinyosha maneno kabla ya kuituma.

Na yuko mwingine, Conlon Nancarrow, Mmarekani aliyehamia Mexico mwaka 1940. Yeye aliona kwamba mashine haina vidole kumi tu, basi kwa nini aitungie kana kwamba ina vidole kumi? Mwaka 1947 alipata mashine ya kutobolea, akawa anatoboa magombo mwenyewe, tundu moja baada ya jingine, miezi mingi kwa muziki wa dakika chache. Alitunga muziki ambao mkono wa binadamu haungeweza kuupiga, kwa jinsi ulivyo na kasi na jinsi mwendo mmoja unavyopishana na mwingine. Kwa miaka mingi ni watu wachache tu waliomjua.

Tuje sasa kwenye umeme. Mafundi walianza kuuza vinanda vya umeme ambavyo havina nyuzi wala filimbi. Sauti yake hutengenezwa na mitambo midogo ya elektroniki. Mpigaji mmoja aliweza kuwa na vinanda viwili, vitatu, vimemzunguka kama mama lishe na masufuria yake. Lakini vinanda hivyo havikusikilizana. Cha kampuni hii hakikuelewa amri za kampuni ile. Mlikuwa ni ule ugomvi wa magombo, umerudi kwa sura nyingine.

Nchini Japani alikuwako mtu aitwaye Ikutaro Kakehashi. Alizaliwa Osaka mwaka 1930, wazazi wake wakafa angali mtoto mdogo. Alianza maisha kwa kutengeneza saa na redio za watu, na mwaka 1972 alianzisha kampuni ya Roland. Mwaka 1981 aliwaendea watengenezaji wenzake wa Marekani akawaambia kwamba ugomvi huu unamwumiza kila mtu, basi tutafute lugha moja. Kampuni nyingi za huko hazikujali sana. Aliyejali ni Dave Smith wa California, mwenye kampuni ya Sequential Circuits. Smith na mwenzake Chet Wood waliandika pendekezo na kulisoma mbele ya mkutano wa wahandisi wa sauti mwaka huohuo. Kampuni za Kijapani, yaani Roland, Yamaha, Korg na Kawai, zikalichukua, zikalirekebisha, barua zikaenda na kurudi kuvuka bahari.

Mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki mjini Anaheim, California, waliweka kinanda cha Smith karibu na kinanda cha Roland. Wakaviunga kwa waya mmoja. Mtu akabonyeza kibao cha kimoja, na cha pili kikalia. Hivyo tu. Lakini vilikuwa vinanda vya washindani wawili wa biashara, kutoka nchi mbili, na vilielewana. Kanuni zote zilichapishwa mwezi Agosti mwaka huohuo, na jina la lugha hiyo likawa MIDI. Wenyewe hawakudai malipo kwa mtu yeyote anayetaka kuitumia. Ukiwa na kiwanda kidogo, au ukiwa mwanafunzi mwenye waya na bisibisi, soma kanuni, tumia. Miaka 30 baadaye, mwaka 2013, Kakehashi na Smith walipewa tuzo ya Grammy kwa kazi hiyo. Kakehashi alifariki mwaka 2017, na Smith mwaka 2022.

Sasa chukueni kalamu, tuandike amri moja ya MIDI. Ni nambari tatu:

144, 60, 100

Nambari ya kwanza, 144, maana yake "bonyeza noti, katika njia ya kwanza". Njia ziko 16, ili ala 16 ziweze kupewa amri katika waya mmoja. Nambari ya pili, 60, ni noti yenyewe. 60 ni ile iliyo karibu na katikati ya piano. Noti zote zimehesabiwa kutoka 0 hadi 127. Nambari ya tatu, 100, ni nguvu ya kubonyeza. Ukiandika 20, mlio ni mpole; ukiandika 127, umegonga kwa nguvu zote. Kuiachia noti ile, wasema:

128, 60, 0

Nambari tatu kama hizi hupita katika waya kwa muda usiozidi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wimbo mzima ni nambari za namna hiyo, na kati ya amri na amri umeandikwa muda wa kungoja. Mwenye kujua kuhesabu mpaka 144 aweza kuandika muziki kwa mkono, polepole, kama Nancarrow na matundu yake.

Hapo mwanzo amri hizi zilipita tu katika waya na kupotea, kama maneno ya mdomoni. Mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana jinsi ya kuzihifadhi katika faili, ambalo jina lake kwa kawaida huishia na nukta na herufi tatu: .mid. Lakini ilibaki kasoro. Faili lilisema "tumia ala nambari 1", na kinanda kimoja kikapiga piano, kingine kikapiga tarumbeta. Mwaka 1991 wakakubaliana orodha moja ya ala 128. Nambari 1 ni piano. Nambari 41 ni fidla. Ngoma zikapewa njia yake peke yake, njia ya 10. Na nambari 109, msishangae, ni kalimba, ile ala ya Kiafrika ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Nitairudia kalimba kabla hatujaagana.

Kompyuta sasa. Mwaka uleule wa 1991, mjini Helsinki, Finland, mwanafunzi Linus Torvalds aliandika kiini cha Linux, ambayo ni mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotolewa bure. Watu waliotumia Linux walizoea kuiamrisha kompyuta kwa maneno. Hawakutafuta picha ya kubofya. Waliandika amri katika mstari mmoja, wakabonyeza Enter, kompyuta ikatii. Huo huitwa mstari wa amri, na upo mpaka leo. Mstari wa amri hauna huruma kwa asiyejua kusoma, lakini kwa anayejua una uhuru mwingi. Hapo kisomo chako hakikupi tu habari za gazeti. Kinakupa mamlaka juu ya mashine.

Kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule hazikuwa na kifaa kizuri cha kugeuza barua ya MIDI kuwa sauti, na vifaa vizuri viliuzwa ghali. Mwaka 1995 Tuukka Toivonen, wa Finland, aliandika programu aliyoiita TiMidity. Badala ya kifaa, programu hiyo ilipiga hesabu. Ilisoma amri, ikachukua sauti fupi zilizorekodiwa za piano, za fidla, za ngoma, ikazivuta juu au chini kufuata nambari ya noti, ikazichanganya, ikatoa muziki. Naye aliitoa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, ili mwenye ujuzi aweze kuyasoma na kuyatengeneza. Na kweli, alipoacha kuishughulikia, kazi haikufa. Ilichukuliwa na Masanao Izumo wa Japani, ikaitwa TiMidity++, nayo ndiyo inayotumika.

Basi, ikiwa kompyuta yenu ya darasa ina Linux na programu hiyo, fungueni dirisha la amri. Tuseme faili lenu linaitwa wimbo.mid. Andikeni:

timidity wimbo.mid

Maneno mawili, nafasi moja kati yake. Bonyezeni Enter. Wimbo utaanza. La kwanza ni jina la msomaji, la pili ni jina la barua. Mkitaka kugeuza barua kuwa sauti iliyorekodiwa, muipeleke katika simu au redio, andikeni:

timidity wimbo.mid -Ow -o wimbo.wav

Angalieni: ile O ya kwanza ni herufi kubwa, si sifuri, ya pili ni ndogo. Kompyuta si kama shangazi yako, haikubali herufi kubwa na ndogo zichanganywe halafu ikaelewa ulimaanisha nini. Faili la wimbo.wav litakalotokea litakuwa kubwa mara mamia kuliko la kwanza, nanyi sasa mnajua sababu yake.

Mara ya kwanza nilipojaribu mimi mwenyewe, kompyuta ilikaa kimya. Programu ilifunguka, jina la wimbo likatokea, lakini sauti hapana. Nilikagua spika, nikakagua waya, nikatikisa meza. Nilipotulia na kuyasoma maandishi yaliyokuwa mbele ya macho yangu, niliona kompyuta ilikuwa imekwisha kusema shida yake: ala fulani haikupatikana, kwa hiyo haitasikika. Nilikuwa nimeweka programu, lakini sikuweka zile sauti fupi za ala. Barua ilikuwako na msomaji alikuwako, lakini msomaji hakuwa na koo. Kwa hiyo, mkipata kimya, hakikisheni kwanza kwamba faili la sauti za ala limewekwa.

Faili hilo la sauti ndilo linaloamua mengi. Barua moja, ukiisomesha kwa sauti za ala zilizorekodiwa vizuri, utadhani umeketi mbele ya bendi. Ukiisomesha kwa sauti hafifu, utadhani ni kichezeo cha mtoto. Watu wengi huidharau MIDI kwa sababu waliisikia kwa koo baya. Iko pia programu iitwayo FluidSynth, nayo ni nzuri, na hutumia faili la sauti unalolichagua. Na iko nyingine, aplaymidi, ambayo haitoi sauti kamwe. Kazi yake ni ya tarishi: huichukua barua na kuifikisha kwenye mlango unaoutaja, pengine kinanda cha umeme kilichoungwa na kompyuta. Ukiandika aplaymidi -l itakuonyesha milango iliyopo.

Hata magombo ya zamani yamepata wasomaji wapya. Msanii Trimpin, mzaliwa wa Ujerumani anayeishi Marekani, alitengeneza mashine iliyosoma matundu ya Nancarrow na kuyageuza kuwa amri za MIDI. Gombo lilikuwa karatasi inayochakaa, tena nakala zake zilikuwa chache. Magombo mengine mengi yamesomwa kwa njia kama hiyo. Tundu likawa nambari bila taabu, kwa sababu yote mawili yalisema jambo lile lile: noti ipi, lini, kwa muda gani.

Sasa kalimba, kama nilivyoahidi. Mkiagiza ala nambari 109, mtasikia mlio wa vijiti vya chuma, naam. Lakini Mgogo akiusikia atainua kichwa na kusema: hii si ilimba yetu. Kwa nini? Ile hesabu ya 0 hadi 127 ilipangwa kufuata ngazi za piano. Kutoka noti moja hadi ile inayofanana nayo juu kuna ngazi 12, na ngazi zote ni sawa. Ilimba ya Wagogo, kama ile aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma, haifuati ngazi hizo. Baadhi ya milio yake inaangukia kati ya nambari na nambari. Wapigaji wa udi na fidla katika taarabu ya Pwani nao wanajua milio ya namna hiyo, iliyo katikati ya vibao viwili vya piano.

MIDI ina amri ya kuupinda mlio, kuupandisha au kuushusha kidogo kidogo. Lakini amri hiyo hupinda noti zote za njia moja kwa pamoja. Ukitaka kupinda moja tu na kuziacha nyingine, yakubidi kuzitenga katika njia mbalimbali, na njia ziko 16 tu. Inawezekana, ila ni kazi. Wengi hawaifanyi. Huandika wimbo wa kienyeji kwa ngazi za piano, faili likasambaa, na mtoto anayelisikia mara mia huanza kudhani babu yake ndiye aliyekosea.

Iko njia nyingine. TiMidity++ hukubali kupewa jedwali, yaani faili la maandishi ya kawaida, linaloeleza kila nambari ya noti itetemeke mara ngapi kwa sekunde. Ukiibadilisha nambari moja katika jedwali, noti ile itabadilika katika wimbo wote. Basi mtu akiketi na mpigaji wa ilimba, akapima mlio wa kila kijiti, akaandika nambari zake katika jedwali, kompyuta itapiga kwa ngazi za ilimba ile. Kwa kupima, simu ya kawaida yenye programu ya kupimia milio yatosha. Kwa kuandika, yatosha mtu ajuaye tarakimu kumi na subira.

Kwa darasa, kazi yenu ya juma hili ni hii. Tafuteni katika kijiji au mtaa wenu mzee mmoja mwenye ala ya zamani: ilimba, zeze, filimbi, au marimba. Mwombeni kwa heshima apige kila mlio mmoja mmoja, kutoka wa chini hadi wa juu. Hesabuni milio iko mingapi, mkaiandike katika daftari pamoja na jina la kila mlio, ikiwa unalo. Juma lijalo, saa ile ile, mwalimu wenu ataleta kompyuta darasani. Kwaherini.